Jina Alilolitaka Mzee Masanja

Kisesa, Jumanne 14 Mei 1935

Bado roho inaniuma. Miaka yote hii mimi ndiye niliyemfundisha Mzee Masanja sala, na kila akisahau namgombeza. Zakaria, katekista mwenzangu, amekuja juzi tu. Yeye hata hafundishi sana. Anamkanda miguu na kumwuliza habari za ng'ombe wake.

Leo mzee kazidiwa. Padri alishaniruhusu kubatiza wagonjwa kama yeye, kwa hiyo nikamwuliza anataka jina gani.

"Zakaria," akasema. "Kama yule mwanangu anayenikanda."

Nilitegemea atasema Petro. Jina langu.

Nikamwambia, "Hilo padri hajaliruhusu, mzee. Chagua lingine."

Uongo mtupu. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nitangoja mpaka atakapoliruhusu. Mvua nimezingoja maisha yangu yote, mwalimu, nitashindwa kungoja jina?"

Nikarudi nyumbani na maji yangu ya ubatizo. Na kama akifa kabla ya asubuhi...

Ee Mungu, nisamehe. Nimeshavaa viatu. Naenda kumbatiza mzee, nimwite Zakaria kwa mdomo wangu mwenyewe, na wivu bado ninao.