Fundi wa Kusikiliza Injini

Jumatatu, 4 Machi

Gari limeanza vituko. Nimesimama kwenye taa nyekundu, likaanza kutetemeka kama lina homa. Taa ikawa kijani, nikakanyaga mafuta — wapi! Likasita kwanza, likafikiri, ndipo likaruka mbele. Nyuma honi tele. Mama, anayetoka kliniki ya magoti, kashika dashibodi kwa mikono miwili, ananiuliza nimejifunzia wapi udereva. Kwa mumeo, Mama! Kwenye gari hili hili!

Tulipofika nikamweleza Baba. Macho yalimng'aa. Tangu astaafu gereji hajapata mgonjwa.

Jumanne, 5 Machi

Baba na bisibisi yake. Ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Daktari. Kompyuta hataki kuisikia. Kompyuta inabahatisha, anasema, yeye anasikiliza.

Hukumu: plagi. Tumeweka plagi mpya. Likatetemeka vile vile.

Mimi nilikuwa nasikia kitu. Ssss — kama birika linalokaribia kuchemka, nyuma kabisa ya injini. Nikamwonyesha. Akainama, akasikiliza muda mrefu sana. Akasema hakuna kitu hapo, mwanangu, labda ni feni. Haya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto wa fundi huyu ni muuza dawa tu. 

Alhamisi, 7 Machi

Leo ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Kabadilisha, kafunga, kawasha. Bado! Likisimama linatetemeka, ukikanyaga linasita. Baba amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa analitazama gari kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Inaniuma kumwona hivyo.

Mama kamwita kula mara tatu, hageuki. Siku hizi mzee huyu katia pamba masikioni, anasema, anasikia anachotaka. Nikacheka.

Ijumaa, 8 Machi

Limezima. Katikati ya njia panda, nikikata kona, Mama pembeni yangu. Nawasha, linakohoa, nawasha tena. Na lori linakuja! Lilifunga breki likasimama karibu mno, ningeweza kunyoosha mkono nikaligusa. Dereva kashuka na matusi yake mdomoni, akamwona Mama analia, akayameza. Akatusaidia kusukuma.

 Nyumbani Mama akanivuta jikoni: lipeleke kwa mtu mwingine.

Mtu mwingine ni yupi? Hapa karibu ni yule aliyechukua nafasi ya Baba gereji. Kupeleka gari la Baba pale, Baba akiwa hai na spana zake mkononi! Nisipolipeleka, nitamuua Mama barabarani. Sina pa kushika.

Jumamosi, 9 Machi

Baba kaenda kunyolewa. Nikatoroka na gari kama mwizi.

Fundi mpya hakugusa kompyuta wala nini. Nimewasha tu, kafungua boneti, akasema: dada, huo mluzi husikii?

Nausikia! Tangu Jumanne nausikia!

Akasema kuna mpira wa kupitishia hewa nyuma ya injini umechanika. Injini inavuta hewa isiyotakiwa, ndiyo maana haitulii na haina nguvu. Akapuliza dawa ya kopo pale penye ufa, muungurumo ukabadilika papo hapo. Kaweka mpira mpya, injini ikatulia tuli. Akafuta mikono, akaniuliza polepole kama Mzee hakuusikia. Nikajibu Mzee hajaligusa.

Nimerudi nikawaza njia nzima. Mlango ukibamizwa, Baba anashtuka. Nikisema naye uso kwa uso, ananijibu. Lakini simu yake inalia mezani hainyanyui. Mama anamwita kutoka jikoni, hageuki. Sauti nene zinamfikia. Nyembamba hazimfikii kabisa.

Siyo pamba. Mungu wangu, Baba yangu hasikii.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka nimeazimia kumwambia. Nimepanga maneno kama mtoto anayekariri shairi.

Nikamkuta uani, gari linaunguruma, kiganja chake juu ya injini. Akageuka. Uso ule! Akapiga kelele kwamba si alisema, si alisema ni koili! Ilihitaji kuzoea tu! Akaingia jikoni akamshika Mama kiuno, akamzungusha na magoti yake mabovu. Mama anacheka, anamwambia mzee acha utoto. Kisha Mama akanitazama juu ya bega lake. Nami nikamtazama.

 Mwaka mzima sijamwona na furaha kama hii. Ningeanzia wapi?

Jumatatu, 11 Machi

Mtaa mzima una habari. Kinyozi, muuza mkaa, wote wananipongeza: Daktari karudi kazini! Natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jumatano, 13 Machi

Naandika haraka.

Asubuhi hii dereva wa chekechea kapaki basi dogo mlangoni kwetu, watoto wamo ndani wanaimba. Shikamoo Mzee. Breki zinalia, sijui vumbi, sijui nini, na pale shuleni pana mteremko, si unajua. Hebu nisikilizie.

Baba alikwishashika bisibisi kabla hajamaliza. Wakaenda mbele, wakarudi nyuma, wakafunga breki, tena na tena. Niko kibarazani na chai yangu. Zinalia! Mlio mwembamba, mkali, unaingia kwenye meno. Breki ikilia hivyo pedi zimekwisha — Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, miguu haifiki kwenye pedali.

Akashuka anajifuta mikono. Safi kabisa. Sijasikia kitu. Nenda kazini, kijana wangu.

Dereva akasita. Akauliza kwa adabu: Mzee, kweli hukusikia?

Baba akacheka. Akasema alianza kusikiliza magari kabla dereva hajazaliwa. Halafu akanigeukia mimi. Huyu binti yangu alikuwa hapo hapo. Muulize. Ulisikia kitu, mwanangu?

Wote wawili wakanitazama. Baba anatabasamu, ananingoja nimtetee.

Nikasema ngoja nichukue viatu. Nimeingia chumbani. Viatu nimevaa.

Nimekaa kitandani, daftari magotini. Nikisema ndiyo, nimemvua nguo mbele ya watu. Nikisema hapana — wale watoto. Jibu nalijua! Naliogopa tu. Mama kasimama mlangoni mwangu, kaziba mdomo kwa kanga.

Nje basi limewashwa. Baba ananiita: njoo basi umwambie mwenzio, watoto wanachelewa.