Maji Meupe ya Samaki wa Irungu

Jumapili, 2 Septemba 1984

Irungu ameondoka asubuhi na lori la chakula cha msaada. Sericho! Siku nne kwenda na kurudi, labda tano. Amepiga honi mara mbili pale getini, kama kawaida yake, akienda na akirudi. Mimi hakunishika hata mkono, ati askari wake Jarso anaangalia. Lakini samaki aliwaaga! Watano, rangi ya machungwa, ndani ya tangi alilolitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha na patti ya kuzibia. "Usiniulie hawa, Wakiuru." Basi, akaenda. Nimeolewa na samaki.

Jumanne, 4 Septemba

Nimetoka ofisini nikakuta maji yamekuwa meupe. Si matope, si kijani. Meupe, kama yale ya kuoshea mchele. Samaki siwaoni mpaka wakaribie kioo, halafu wanapotea tena.

Irungu alisema maji yakiharibika nisiyamwage yote, nichote majagi mawili na kurudisha mawili. Nani ana subira hiyo? Nimemwaga yote, mawe nikayasugua kwa sabuni ya unga. Mfereji umekauka tangu Ijumaa, kwa hiyo nimewapa maji yetu ya kunywa. Ng'ombe wanakufa huko Ngaremara na mimi naogesha mawe!

Jioni dereva mmoja akaniletea barua ya Irungu. Wamefika Garba Tula salama.

Alhamisi, 6 Septemba

Mmoja amekufa. Ni ile sabuni, najua. Nimemzika nyuma ya jikoni, nikichungulia huku na huku kama mwizi.

Jumamosi, 8 Septemba

Meupe tena! Nilienda sokoni tu, hata saa moja haikuisha. Mlango nilifunga. Nikainama kunusa — moshi. Maji yananuka moshi! Nywele zilinisimama. Safari hii nimechota majagi mawili tu, mtiifu kabisa.

Saa nane akaja mtu wa redio kolu, ile simu ya upepo ya serikali. Wako Sericho, barabara iliwachelewesha, sasa wanashusha magunia. Nilifurahi nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka Jumanne. Maji meupe, habari. Maji meupe, habari.

Sitaki kufikiria hivyo.

Jumanne, 11 Septemba

Kichwa kiliniuma, bosi akanirudisha nyumbani saa nne. Kumbe! Akko Kabale, yule bibi jirani yangu, mama yake Jarso. Ufunguo nilimpa mwenyewe, anitekee maji nikiwa kazini. Amepiga magoti mbele ya tangi. Mkononi ana gorfa, kile chombo chake cha kusuka cha maziwa, ambacho hukifukiza moshi kila siku. Ananong'ona Kiborana na kudondosha maziwa kwenye maji ya samaki. Nilipiga kelele. Hakushtuka hata kidogo.

"Intala, binti yangu, ngoja nimalize." Na akamaliza!

Baadaye akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mtu akienda mbali, sisi napea maji maziwa, ndio arudi. Visima yetu yote imekauka. Maji ya kusimama imebaki hii yako tu. Mimi nataja Jarso, halafu nataja bwana yako."

Nikamwambia anawaua samaki wa Irungu. Mwingine alikuwa ameshageuka tumbo juu. Kabale akaniangalia.

"Unataka samaki ama unataka Irungu?"

Nimechukua ufunguo wangu. Mimi ni mtu wa kanisa. Wamebaki watatu, na maji nimeyatengeneza majagi mawili mawili, vizuri.

Jioni redio kolu: wametoka Sericho leo asubuhi, wanarudi.

Ijumaa, 14 Septemba

Maji safi mpaka naona magamba. Irungu angenisifu. Hakuna habari.

Jumatatu, 17 Septemba

Sericho wanasema waliondoka Jumanne. Garba Tula wanasema hawajafika. Katikati hapo hakuna wa kumuuliza.

Kabale amepanda lori la mbuzi kwenda kumtafuta mwanawe. Hakuniaga. Nimeona tu kufuli mlangoni kwake, nikalia hapo hapo nje, na watu wanapita. Alikuwa anamtaja mume wangu kila mara, na mimi nikamnyang'anya ufunguo!

Mchana nimesimama mbele ya tangi na pakiti ya maziwa, nimeshaikata. Nikashindwa. Niliona aibu, mbele ya nani sijui. Nimepika chai.

Jumatano, 19 Septemba

Sikwenda kazini. Nilikuwa uani naanua nguo, nikarudi ndani.

Meupe.

Funguo zote mbili ziko kwenye mfuko wa gauni langu. Kufuli la Kabale liko vile vile, nimekwenda nikalivuta. Maziwa yangu yaliisha na chai ya Jumatatu. Mimi sikutia kitu, naapa! Na nyumba nzima inanuka moshi wa gorfa.

Samaki wote watatu wako juu, midomo inafunguka na kufungika. Wameelekea upande mmoja, upande wa barabara. Nikichota majagi mawili sasa hivi wataishi. Nikiyaacha maji haya hawafiki jioni. Jagi nililishika juu ya maji.

Nimeliweka chini. Nataka Irungu. Nisamehe, samaki wako nimewaacha.

Saa tano na nusu. Lori! Ile injini naijua, hukohoa ikipanda kilima cha mission. Inakuja huku. Inapunguza. Imesimama getini, na mimi naandika badala ya kwenda.

Mmoja ameshageuka tumbo juu.

Honi. Mara moja.

Nangoja ya pili.