Kuku Huyu Kachinja Nani?

Jumapili, Dunda. Manyunyu tangu alfajiri, nguo zimejaa barazani hazikauki, na mimi nimeamka nimenuna.

Niseme la kweli kabla sijalipamba. Nina wivu. Si wivu wa mume, mume mwenyewe sina. Namwonea wivu mpangaji wetu wa chumba cha uani, Neema, Mkatoliki wa Mahenge, fundi cherehani na mwimba kwaya. Na ninachomwonea wivu ni mama yangu mzazi.

Humu kwenye blogu najulikana kwa mengine kabisa. Mimi ndiye Hawa wa kuandika kwamba Mungu si wa kabila wala wa msikiti mmoja, kwamba kumtakia jirani Krismasi njema hakumtoi mtu kwenye Uislamu, kwamba mwanamke aliyesoma dini na aseme. Watu huniandikia, "Dada Hawa, Mola akuzidishie moyo huo." Wiki hii nimeyasoma maneno hayo nikaona haya, nikaiweka simu chini nikaenda kuosha vyombo.

Moyo gani, jamani?

Neema alihamia kwetu baada ya baba kufariki. Mimi asubuhi nakwenda Kerege, nauza kwenye duka la dawa, narudi jioni. Saa zote hizo katikati, cherehani ya Neema iko barazani na mama yuko pembeni yake. Sikuona ubaya. Mama ana presha, na nilishukuru kuwa hakai peke yake. Sijui ni lini mambo yaligeuka. Siku hizi akipoteza miwani, anaita "Neema!" hata mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Akiota ndoto, anamsimulia Neema. Uji akisifia ni wa Neema. Wangu anasema, "Mzuri, ila..." na hamalizii, ananirudishia kikombe.

Alhamisi mwenye duka alifiwa, tukafunga mpaka mwisho wa wiki ijayo. Nikarudi nyumbani mchana, nimefurahi kwamba nitashinda na mama. Nafika, naona bajaji imesimama mlangoni na Neema anamshika mama mkono ateremke. Mama kavaa baibui jipya, ananukia udi, anacheka. Anacheka kile kicheko cha kuinamisha kichwa upande, nilichokuwa nakisikia baba alipokuwa hai. Aliponiona, akaficha chupa ndani ya kanga.

"Hawa! Umewahi leo," akasema, kama anavyoambiwa mgeni.

Chupa ile naijua. Ilikuwa na kombe. Mama kakulia kwenye kombe: sheikh anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anazisuuza, mgonjwa anakunywa yale maji. Mwaka jana aliniomba nimpeleke kwa sheikh wake, nikakataa. Nikamwambia ameze vidonge, hayo mengine ni mambo ya kizamani, na Kurani ilishuka isomwe na ieleweke, haikushuka inywewe. Nilimweleza vizuri sana, kwa hoja. Mama alinyamaza. Nikadhani kaelewa.

Kumbe alitafuta mtu mwingine wa kumpeleka. Na mtu mwenyewe ni Neema! Ati alikuwa akimsubiri nje kwenye benchi la sheikh, kajitanda ushungi wa mama kichwani.

Usingizi wa usiku ule siusemi. Nilijiambia kinachoniuma ni dini. Nikajiambia naogopa ataacha vidonge. Nikaenda nikavihesabu, viko sawasawa, havijarukwa hata kimoja. Basi hasira ikakosa pa kushika, ikabaki inazunguka tu kifuani.

Ijumaa baada ya swala, Shangazi Mize, dada yake baba, alikuja na jamaa wawili kumjulia mama hali. Neema kapika: wali, kuku wa nazi, kachumbari. Tumekaa mkekani, sinia katikati, Shangazi kaonja tonge la kwanza kafumba macho.

"Mtume! Kuku huyu kapika nani?"

"Neema," akasema mama. "Mwanangu huyo."

Mwanangu!

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikauliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Na kachinja nani?"

Nilijua kachinja nani.

Asubuhi ile mimi ndiye niliyemfungulia Neema mlango, karudi sokoni na kuku mkononi. Kachinja yule mzee muuza kuku, mwenye kofia yake, anayechinjia nusu ya Dunda. Baba alikuwa akinunua kwake. Neema anaweza kumchinja kuku wake mwenyewe uani kwa dakika mbili, lakini tangu ahamie kwetu hajafanya hivyo hata siku moja. Anakwenda mpaka sokoni kwa ajili yetu, ili apike na sisi tule. Yote hayo nayajua. Nikauliza hivyohivyo.

Mkono wa Shangazi ukasimama juu ya sinia. Wale jamaa wakatazamana, wakajifanya wameshiba. Neema alikuwa mlangoni na bakuli la kachumbari. "Kachinja mzee wa sokoni, dada," akasema. "Yuleyule wa siku zote." Akaliweka bakuli chini taratibu, akaenda zake chumbani kwake.

Mama akachukua paja la kuku. Akala. Sote tunamtazama anavyotafuna, na wala hakuwa na haraka. Alipomaliza akasema "Alhamdulillah," akanawa, akaingia ndani kulala. Hakunitazama.

Shangazi aliondoka na njaa yake. Mimi nikabaki na sinia.

Jana nzima cherehani haikulia. Mama kakaa barazani peke yake, anatazama kile kiti kitupu. Nikampikia uji kwa adabu zote, nikatia na iliki. Akanywa nusu. Nikajikuta namuuliza, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyenyimwa kitu:

"Mama, kwani Neema ana nini ambacho mimi sina?"

Hakufikiri hata kidogo. "Hanisahihishi."

Nikangoja aendelee. Akaendelea, na heri asingeendelea. "Nikikaa nawe, Hawa, nasubiri tu nitakosea wapi."

Nimelitafakari neno hilo tangu jana mpaka leo, na kila nikilitafutia kosa nalikosa. Maulidi ya mama nilimwambia hayana msingi. Ubani wake nikamwambia moshi haufikishi dua. Akienda kuzuru kaburi la baba namuuliza anamwomba nani. Na hili ndilo lililonikaa kooni: rozari ya Neema niliiandikia makala humuhumu, ndefu, nikiwaasa watu waiheshimu kwa sababu ni njia ya mtu kwenda kwa Mola wake. Tasbihi ya mama nilimwambia ni uzushi.

Wa mbali nimewavumilia wote. Aliyenizaa nimemfanya mwanafunzi.

Sisemi kwamba nimeliamini kombe. Siliamini. Mimi nauza dawa, najua presha inashushwa na nini. Lakini nilikuwa nataka mama aache kombe kwa sababu ni kosa, au kwa sababu nataka nimshinde? Hilo nimeshindwa kulijibu hata kwenye sijda. Nimeinama mbele ya Mungu na aliyekuja kichwani ni Neema na ushungi wa mama.

Leo basi. Manyunyu hayajakatika. Neema karudi kanisani, nikasikia viatu vyake vinapita moja kwa moja kwenda chumbani. Nikasema, ndiyo basi tena, mwisho wa mwezi atahama, na mama atakuwa kimya namna ile mpaka lini sijui. Moyo ukanipasuka. Kumbe ndicho nilichokuwa nakitaka, na sasa nakiogopa.

Mara nikamwona kasimama mlango wa uani. Bado na sare ya kwaya, blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Mkono mmoja kashika jogoo mzima, kafungwa miguu, mwingine kashika kisu.

"Dada Hawa," akasema, bila kutabasamu. "Leo chinja mwenyewe. Sitaki tena kupika watu wakaulizana."

"Neema, juzi nilijua."

"Najua ulijua. Si wewe uliyenifungulia mlango? Shika kisu."

Sasa, mimi nimewahi kuandika humu kwamba mwanamke anaruhusiwa kuchinja. Niliandika kwa ushahidi, nikawabishia waliobisha, nikashinda. Lakini mkono wangu huu haujawahi kuchinja hata njiwa. Nimechukua kisu. Neema kapiga magoti kwenye tope na sare yake, kambana jogoo mbawa na miguu, kageuza uso pembeni. Mimi nimeinama. Sauti ikatoka barazani:

"Huko ni chooni! Mgeuze kibla!"

Mama. Kasimama kabisa, kajishikiza kwenye nguzo.

Tukamgeuza jogoo.

"Kisu usimwonyeshe, Hawa! Nawe ungependa kuonyeshwa? Haya, bismillahi, na useme nisikie."

"Bismillahi, Allahu Akbar!" Nikapitisha kisu. Namshukuru Mungu kilikuwa kikali. Jogoo akatutoka mikononi, akajirusha, akapiga mbawa kwenye dimbwi, tope na damu vikamrukia Neema kwenye blauzi nyeupe mpaka kidevuni. Neema kapiga ukelele wa kumwamsha aliyelala mtaa wa tatu, na mimi nimekimbia na kisu mkononi kana kwamba nakimbizwa. Mama akaanza kucheka. Kile kicheko cha Alhamisi, kichwa upande, machozi yanamtoka. Neema akamtazama mama, akajitazama blauzi, akacheka naye. Nami nikacheka, nimelowa, sijui ni mvua au nini.

Kicheko cha Alhamisi kilinikuta mlangoni. Cha leo nilikuwamo.

Nilikuwa nimebakiwa na deni moja la kusema. Nikampigia Shangazi Mize, nikamwamkia, akaitikia marahaba ya kuvuta, bado kanuna. Nikamwambia kuku wa Ijumaa kachinja mzee wa sokoni na nilijua tangu asubuhi.

"Sasa ulikuwa unauliza nini?"

"Wivu, Shangazi."

"Wivu? Na mpangaji?" Akasonya. "Mwanangu, umeninyima kuku wa nazi kwa wivu?"

Nikamwambia leo yupo mwingine, aje. Akauliza kwa hadhari, na huyu kachinja nani. Nikamwambia mimi.

"Astaghfirullah!" Akakaa akiwaza, namsikia anavyopumua. "Basi niwekee mchuzi."

Tumekula, na mchuzi wa Shangazi nimeuweka pembeni. Mama kanyonya mpaka mifupa, kisha akajipangusa mdomo akasema, "Neema, mwanangu, una mkono wewe." Kuku nimechinja mimi, nimemnyonyoa mimi, nazi nimekuna mimi, kasifiwa Neema! Roho ikaniuma palepale, kama vile hakuna nilichojifunza tangu Alhamisi. Nimeiacha iume. Nimempa Neema paja lililobaki, na nakiri kwamba nilisita.

Baada ya chakula nikaingia chumbani kwa mama, nikaitoa ile chupa chini ya kitanda alikodhani sikujui, nikamletea mkekani pamoja na kidonge chake na kikombe. Akanitazama. Alikuwa anangoja. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nalihisi linavyowasha: mama, kinachokuponya ni hiki cheupe. Nikaung'ata ulimi. Akameza kidonge, akanywa kombe, akasema bismillahi kwa vyote viwili.

"Limekaribia kwisha," akasema. "Alhamisi nafuata jingine."

"Nikupeleke, Mama?" Duka litakuwa bado limefungwa.

"Nitakwenda na Neema."

Pale ningeweza kununa. Nina kipaji hicho. Nikasema, "Bajaji inachukua watu watatu."

Mama akamtazama Neema, Neema akajifanya anakusanya sahani. Kisha mama akanigeukia mimi, kama mtu anayepima kitambaa kabla hajakikata.

"Utanyamaza?"

Humu nimeulizwa maswali magumu ya dini na yote nimeyajibu siku hiyohiyo, kwa aya. Hili nimelijibu "inshallah," na Neema kaguna kule na sahani zake.

Sasa wote wamelala kidogo, mvua imezidi, blauzi ya kwaya imelowekwa kwenye beseni langu na nimeapa kuifua mwenyewe mpaka irudi nyeupe. Hilo naliweza. Lakini Alhamisi, mimi Hawa, nitaweza kweli kukaa kwenye benchi la sheikh, ubavuni kwa Neema, mama yangu yuko ndani anasomewa maji ya zafarani, nisitoe neno?