Ukurasa wa Babu Katika Kijitabu cha Wanaoanza

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu mpenzi,

Kuna jambo nimewaficha watu wote wa nyumba hii: kwa miaka thelathini na nane sijala nyama kwa hiari yangu, wala maziwa. Mama yako hajui. Mjomba wako, ninayeishi kwake, hajui. Nilikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni mpaka nikastaafu, na nani atamshuku mkaguzi wa nyama?

U hali gani huko? Mimi kifua kinabana na miguu imegoma. Tangu Desemba sijavuka mlango. Zamani nilitoka mezani salama: kipande kwenye leso, leso mfukoni, paka wa jirani ananenepa. Sasa nalishwa. Mke wa mjomba wako, mwanamke mwema kuliko ninavyostahili, huniketia ubavuni mchana na jioni na bakuli la supu ya mifupa. "Fungua, baba. Hiki kimoja cha mjukuu wako." Ukuta uko kushoto, yeye yuko kulia, mto uko nyuma. Nafungua.

Nasikia na wewe umeacha vitu hivi, na kwamba wewe na wenzako mnaandika kijitabu cha wanaoanza kuviacha. Mjomba wako anacheka, anasema umegeuka mbuzi. Nitumie chochote ambacho mkwe wangu akikisoma ataamini sitakufa kwa kukosa mifupa.

Kuandika bado naweza, kalamu angalau haimwagiki kama kijiko. Muuguzi anayekuja kunifunga kidonda ndiye anayenipelekea barua posta.

Babu yako

Tarehe 15 Machi

Shikamoo babu,

Barua yako niliisomea dukani nikasahau mashine ya kurudufu. Mteja kaondoka na nakala arobaini za cheti kimoja. Mimi mzima, mama mzima. Bado sijamwambia.

Nakutumia rasimu. Ukurasa wa nne ndio wa anti anayekulisha: dengu, choroko, maharage yaliyolowekwa na maji yake kumwagwa, karanga za kusaga kwenye uji. Kuna kidonge cha vitamini B12, maana hiyo kwenye mimea haimo, sote tunameza. Ukurasa wa tisa ni maneno ya kutafuta kwenye paketi, kwa sababu unga wa maziwa unajificha hadi kwenye biskuti. Mwishoni ipo namba ya daktari wa lishe anayejibu maswali bure kila Jumatano. Anti ampigie kwanza, kwa umri wako usibadilishiwe chakula kienyeji.

Babu, tuko tisa tu, na wawili wanataka kurudi nyuma, familia zimewabana. Wanaambiwa haya ni mambo ya watoto wa simu. Kumbe babu yangu alitutangulia. Tuandikie ukurasa mmoja: ulianzaje?

Mjukuu wako

Tarehe 2 Aprili

Mpenzi wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi napumua kwa mafungu.

Mkwe wangu alivaa miwani akasoma kila neno. Jumatano akampigia daktari, wakaongea weee, akarudi amenuna. "Baba, miaka minane nakupikia. Kwa nini hukusema?" Sasa napewa dengu laini na kidonge. Ila mjomba wako hajakubali. Jumapili alileta supu mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka nilipomeza. "Mzee, usituaibishe kwa majirani. Watasema tunakunyima."

Kuhusu ukurasa, weka haya badala yake. Anayeanza asitangaze mezani. Aseme jikoni, kwa anayepika, kabla chungu hakijatengwa. Akialikwa, abebe chakula chake na kiwe kingi, wengine waonje. Asibishane na mtu mwenye njaa.

Mimi usiniandike.

Babu yako

Tarehe 20 Aprili

Shikamoo babu,

Unaendeleaje na kifua? Anti amesema usingizi wako umekuwa wa kukaa.

Ushauri wako umeingia ukurasa wa kumi. Lakini umechelewa kukataa, nilishauandika ukurasa wako mwenyewe: "Babu yangu alikuwa mkaguzi wa nyama. Aliyatazama macho ya wanyama, moyo wake ukakataa. Alisimama peke yake miaka thelathini na nane bila kumwambia mtu." Niliwasomea wenzangu. Mmoja wa wale wawili alilia, akasema anabaki. Nikamsomea mama pia. Amesema sasa ndiyo anamwelewa baba aliyemlea bila mama.

Narudufu nakala mia mbili tarehe 10 Mei. Kama kuna kosa, niandikie kabla. Si ndivyo ilivyokuwa?

Mjukuu wako

Tarehe 3 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuulizi hali. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sivyo ilivyokuwa. Macho ya wanyama sikuyatazama. Nilitazama tezi, maini na bandama, na usiku nililala vizuri.

Mkaguzi haruhusiwi kuuacha mhuri wake hata akienda chooni. Sote tuliuacha. Ukiwa na safari, unampa kiongozi wa wachinjaji, anazigongea nyama mhuri kwa niaba yako, jioni unasaini. Siku ile nilikuwa na usaili wa kupandishwa cheo, nikamwachia. Ng'ombe sita nilikuwa nimewaona asubuhi wakiwa wazima. Wa saba alishushwa kwenye lori nikiwa sipo, hawezi kusimama, wakamchinja na kumpiga mhuri wangu. Alikuwa na kimeta, ugonjwa unaompata hata mtu kupitia jeraha, na mnyama wake hatakiwi hata kupasuliwa.

Bibi yako aliishika nyama ile akiwa na mkato kwenye kidole. Siku ya sita akafariki. Mama yako alikuwa bado ananyonya, mjomba wako yuko shule ya bweni. Niliwaambia watu ni homa. Kile kidonda cheusi mkononi mwake nilikuwa nimekisoma chuoni, na daktari sikumwambia.

Tangu hapo nyama haipiti kooni. Si huruma, usiwadanganye wenzako. Wanaobaki wabaki kwa dengu na kwa namba ya daktari, si kwa ajili yangu.

Hayo yote ningeweza kuyaita uzembe, na ndivyo nilivyojiambia miaka yote hii. Lakini nyama ile hakuinunua bibi yako. Nilipita buchani mchana, nikitoka kwenye usaili. Foleni ikanipisha: "Mpisheni Bwana Afya." Mwenye bucha akanikatia paja lenye mhuri wangu. Damu yake ilikuwa nyeusi, haijaganda. Dalili hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Nikaijua. Ningesema neno moja, foleni nzima ingeuliza mhuri ulipigwa na nani. Nikalipa. Nyumbani nikasema nimeshiba, nimekula huko nilikotoka. Bibi yako akaigeuza nyama kwenye sinia, akauliza mbona nyeusi hivi.

Nikamwambia, "Ipike tu. Nimeikagua mwenyewe."