Mianzi Yangu ya Kilolo

Uyole, Mbeya
8 Machi 1956

Mdogo wangu Kalinga,

Nakusalimu wewe na wote hapo Kilolo. Mimi mzima, nanenepa. Mzungu akionja supu yangu anaomba tena kama mtoto! Lakini wapishi tuko wengi. Mgema wa kutoa ulanzi mtamu kwenye mianzi kama mimi, Uhehe mzima hakuna. Jikoni nilivumilia ili nyumba unayonijengea hapo iishe tu, nirudi kwenye mianzi yangu, nigeme asubuhi na jioni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe nyumba imekwisha, bati linang'aa, na kiwanja umekipata kwa kung'oa mianzi yote. Ulitaka kunifurahisha, najua.

Basi hamia wewe na watoto. Mama namtumia blanketi. Mzungu nilikwisha kumuaga. Leo nimemwambia nabaki.

Kaka yako, mpishi,
Kasian