Mlenda Kwenye Tuta la Vitunguu

Jumatatu, 12 Januari
Nimepalilia tuta moja tu. Mgongo unauma. Mjukuu wangu Rehema kaletwa juzi toka Shelui. Mama yake, binti yangu, anapikia madereva wa malori huko, na yeye na mtoto hulala kibandani humohumo. Mtoto ana miaka saba na hataki kula. Anafinyanga ugali, kisha ananawa. Mama yake kasema tarehe 24 anakuja. Akikuta bado hali chakula, anaondoka naye. Heri aende. Mimi si mtu wa watoto.

Jumatano, 14 Januari
Kanifuata bustanini. Sikumwita. Kashika jembe la marehemu mke wangu, nikamfokea. Lile halishikwi. Akapalilia kwa mikono mpaka jua kali. Mchana kala. Kidogo, lakini kala.

Jumamosi, 17 Januari
Anakula. Anaamka kabla yangu kumwagilia. Ila tuta la mwisho analimwagilia kupita yote. Nimekwenda kuchungulia: mlenda, umejiotea katikati ya vitunguu! Nikamwambia ni magugu. Kaongeza maji.

Jumatatu, 19 Januari
Nimeng'oa mlenda wote. Kitunguu ndicho kinachonilisha. Rehema karudi toka kisimani na ndoo, kapiga yowe mpaka jirani akaja mbio.
"Babu, ule ni wa mama!"
Kumbe alikuwa anamtunzia mama yake mboga. Sahani ya jioni imerudi kama ilivyokwenda. Mtu mzima na mvi zangu, nagombana na mtoto kwa majani. Naona aibu.

Jumanne, 20 Januari
Hajala. Mvua tangu alfajiri. Nilidhani nitafurahi akiondoka. Sifurahi hata kidogo.
Mchana nimeurudisha mlenda tutani, kwenye tope. Rehema kaja, kachuchumaa, kashindilia udongo.

Jumamosi, 24 Januari
Mlenda mwingi ulinyauka. Uliosimama, Rehema kauchuma mwenyewe. Nimeupika kwa karanga, na ugali wa uwele. Mama yake kafika, kanisalimu shikamoo baba, kakaa. Hakugusa chakula kwanza, alikuwa anamtazama mtoto. Rehema kamega, kamega tena, kafuta mpaka chungu. Mwanangu kalia, kisha naye kala.
Basi la jioni mama yake kapanda peke yake.

Jumapili, 25 Januari
Mawingu, hakuna mvua. Nimekata mpini wa jembe la marehemu. Kwangu sasa ni mfupi. Rehema unamfika kifuani.