Kushuka Kabla Mto Haujajaa

Jumatatu, 3 Juni
Mkunga Bunafsha amepanda leo kutoka zahanati. Gari lilimfikisha darajani, kwingine kote kwa miguu. Akanipima huku bado anahema. Presha iko juu. Akaniminya mguu kwa kidole — kishimo kikabaki. Akapima tena. Safari hii hakutabasamu.
Anasema nisijifungulie hapa. Nishuke mjini wiki hii, nikae nyumba ya wajawazito kando ya hospitali mpaka siku ifike. Theluji ya milimani inayeyuka, na mto ukijaa utakata barabara kama kila mwaka.
Mama mkwe alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mkwe wake haendi popote.

Jumanne, 4 Juni
Mama mkwe hasemi nami. Anakanda unga kana kwamba umemtukana.
Mume wangu Shodikhon alipiga simu kutoka Moscow, anakofanya kazi. Akaongea na mama yake. Nilisikia upande mmoja tu: hapana, hapana, hapana. Niliporudishiwa simu, akasema nimvumilie mama, anaogopa. Anaogopa nini? Mtandao ukakatika.
Kichwa kinauma.

Jumatano, 5 Juni
Bunafsha hakushuka! Amelala kwa jirani siku zote hizi. Kasema hashuki bila mimi.
Leo mama katoa yote. Wifi yangu Nozanin — nilijua alifariki kwa uzazi kabla sijaolewa. Sikujua ilikuwa njiani. Uchungu ulimkuta humu ndani, damu ikawa nyingi, gari likachelewa. Akafia garini, kichwa mapajani mwa mama yake.
"Alitoka hapa anaongea," mama akasema. "Barabara ile ikanirudishia maiti. Leo niipe na huyu?"
Bunafsha hakumbishia. Aliketi karibu naye, akasema taratibu: "Mama, Nozanin alishuka akiwa anakufa. Savriniso ashuke akiwa mzima, anatembea mwenyewe."
Mama akatoka kwenda kukamua. Alikaa zizini muda mrefu. Ng'ombe wetu hana maziwa ya muda wote ule.

Alhamisi, 6 Juni
Tumefika mjini!
Alfajiri nilimkuta mama amevaa koti, kajifunga kitambaa, mkate umeshafungwa. Nikamkodolea macho. "Unashangaa nini?" akasema. "Ulidhani nitakuacha uende na barabara ile peke yako?"
Baba mkwe ameachiwa ng'ombe. Hajakamua maisha yake yote. Tuliwaacha wanatazamana.
Tulitembea mpaka darajani, gari likatupokea; chini zaidi maji yameanza kula njia. Tulishuka garini tukavuka kwa miguu, mama mbele, Bunafsha nyuma yangu. Maji baridi ajabu. Kwenye kona moja mama alisimama. Sikumuuliza. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka hospitalini.

Jumapili, 16 Juni
Dawa zimeishusha presha, si sana. Daktari ananiangalia kila siku.
Mama kagombana na mpishi: chai ya maziwa ya kwetu bila chumvi ni chai gani? Sasa anaipika mwenyewe, kwa nyumba nzima. Wajawazito wote wanamwita mama.
Jana mume wa mwenzetu mmoja alikuja kumchukua mkewe, ati siku bado, atarudi uchungu ukianza. Nikadhani mama atamfokea. Akampa bakuli la chai, akamsimulia habari za Nozanin. Zote. Mimi mwenyewe sikuwahi kuzisikia hivyo. Kijana akanywa, akaondoka peke yake.

Jumatano, 19 Juni
Uchungu umeanza. Naandika ukiniachia.
Bunafsha kapiga simu kutoka zahanati: jana mto ulikata barabara yetu. Ningekuwa kule sasa — basi, sitaki kufikiri.
Presha imepanda tena. Daktari kasema walitegemea hivyo, dawa iko tayari, na yeye hatoki. Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nimeusikia! Kama farasi anayekimbia.
Mama aliambiwa akapumzike. Namsikia huko nje akijibu: "Nozanin nilimshika mwenyewe. Na huyu nitamshika."
Wananong'ona.
Muuguzi kaja kumchukulia mama gauni la hospitali; wamemruhusu. Mama analalamika mikono ni mifupi. Ananawa. Unakuja tena, mkubwa huu — mama anaingia, ananyoosha mkono, ananiambia niweke kalamu chini.